Shindano la Röskva: shajara ya kuandika riwaya ya vijana

8 Januari

Leo nimeanza rasmi kuandika riwaya ya vijana ambayo nimekaa nayo moyoni kwa miaka miwili, na nimeamua kuweka shajara hii kando ya mswada ili kila ninapokwama nijue nilikwama wapi na nilijinasua vipi. Riwaya inatokana na visasili vya Kinorse, yaani masimulizi ya kale ya watu wa Skandinavia na Iceland, lakini haitavibeba vyote. Mwaka jana nilijaribu kuvibeba vyote nikaelemewa. Nilikuwa na mti wa Yggdrasil, jicho ambalo Odin alilitoa ili anywe maji ya kisima cha Mímir, mkono wa Týr ulioachwa kinywani mwa mbwamwitu Fenrir, kifo cha Baldr na vita vya mwisho vya Ragnarök, na baada ya sura tano nikagundua kwamba sina hata mtu mmoja wa kumfuata. Wote walikuwa miungu, watu wazima wenye magomvi ya watu wazima, ilhali mimi nawaandikia wasomaji wa miaka 13 hadi 17.

Sasa ninaye wa kumfuata. Anaitwa Röskva, na kisa chake ni kifupi kiasi kwamba naweza kukisimulia chote hapa. Thor, mungu wa ngurumo, na mwenzake Loki walikuwa safarini katika gari linalokokotwa na mbuzi wawili wa Thor, na jioni wakafikia kwa mkulima mmoja. Thor akawachinja mbuzi wake mwenyewe, wakachunwa na kupikwa, akawakaribisha mkulima, mkewe na watoto wao wale pamoja naye, kwa sharti kwamba mifupa yote waitupe juu ya ngozi zilizotandazwa kando ya moto. Mtoto wa kiume, Thjalfi, akaupasua mfupa wa paja kwa kisu chake ili apate uboho. Kulipopambazuka Thor akainua nyundo yake, Mjölnir, akazibariki zile ngozi, na mbuzi wakasimama wazima, ila mmoja akawa anachechemea mguu wa nyuma. Thor alipotambua kilichotokea alishusha nyusi zake hadi zikafunika macho, na vifundo vya vidole vyake vikawa vyeupe kwa jinsi alivyoukaza mpini wa nyundo. Nyumba nzima ikalia, ikaomba amani, ikaahidi kutoa kila ilichokuwa nacho. Hasira ikamtoka, akakubali fidia: watoto wawili, Thjalfi na dada yake Röskva, ambao tangu hapo wakawa watumishi wake.

Kosa ni la Thjalfi. Röskva hakugusa mfupa. Sentensi hizo mbili nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza yangu.

21 Januari

Nimetumia wiki mbili kukusanya yanayosemwa kuhusu msichana huyu, na yote niliyoyapata yanaenea katika ukurasa mmoja wa daftari. Simulizi yenyewe imo katika Edda, kitabu cha visasili na ushairi cha Snorri Sturluson, mwanasiasa na mwandishi wa Iceland aliyezaliwa mwaka 1179 na kuuawa nyumbani kwake Reykholt mwaka 1241. Snorri alikuwa Mkristo, na aliandika zaidi ya miaka 200 baada ya Iceland kuipokea dini hiyo kwa uamuzi wa baraza lao, Althing. Nia yake ilikuwa kuiokoa sanaa ya ushairi, kwa sababu washairi wa kwao walisema kwa mafumbo yaliyotegemea visa vya miungu, na mtu asiyejua kisa hakuweza kulifumbua fumbo. Anatamka waziwazi kwamba maneno yake ni kwa washairi vijana wanaotamani kujifunza. Jambo hilo limenitia nguvu sana. Miaka 800 iliyopita visa hivi vilikuwa tayari vinaandikwa huku mwandishi akiwafikiria vijana.

Katika kitabu hichohicho Snorri anaorodhesha njia za kumtaja Thor bila kulitamka jina lake, na mojawapo ni kumwita bwana wa Thjalfi na Röskva. Kisha lipo shairi la Eilífr Goðrúnarson, mshairi aliyeishi kuelekea mwaka 1000, ambaye alipotaka kusema kwamba Thjalfi alisimama kwa hasira alimwita kaka yake Röskva. Nimerudia kulisoma fungu hilo mara nyingi. Mshairi hawezi kumtambulisha mtu kwa jina la dada yake ikiwa wasikilizaji hawamjui dada mwenyewe. Kwa hiyo palikuwa na wakati ambapo watu waliketi barazani, mshairi akalitaja jina la Röskva, na kila mtu akaelewa. Shairi jingine, Hymiskviða, linamkumbuka mbuzi aliyechechemea na mtu aliyelipa kwa watoto wake wawili, lakini watoto wenyewe halikuwataja majina.

Baada ya hapo Thjalfi anaendelea kung'ara. Anakimbia mashindano, anamsindikiza Thor kwenye pambano dhidi ya Hrungnir, adui wa miungu, anapambana na mtu wa udongo mwenye moyo wa farasi jike. Röskva anatajwa kuwa yumo safarini, kisha simulizi inamwacha. Hatamki neno hata moja.

3 Februari

Sura ya kwanza ilikuwa na kasoro niliyoihisi bila kuiona. Nilikuwa nimeandika kwamba Thjalfi aliuvunja mfupa kwa bahati mbaya, akiwa anatafuna. Lakini Snorri anataja kisu. Jana asubuhi nilikwenda buchani, nikamwomba muuza nyama anipe paja zima la mbuzi bila kuligusa kwa shoka. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikalichemsha tangu saa tano hadi saa nane mchana, nikala nyama, nikabaki na mfupa mkononi na kisu cha jikoni.

Mfupa wa paja haupasuki kwa bahati mbaya. Kisu kiliteleza mara tatu, na mara ya tatu kilinichana kidogo kwenye kidole gumba. Ilinibidi niusimamishe juu ya ubao, nitafute ufa mwembamba upande wa goti, niingize ncha ya kisu humo, kisha nigonge mpini kwa mchi polepole huku nikiuzungusha. Ulipopasuka ulitoa mlio kama wa kijiti kikavu, mlio ambao mtu aliye chumba cha pili angeusikia, na uboho ukaonekana ndani umelala mzima, wa rangi ya maziwa yaliyoganda, ukitetemeka na kutoa mvuke. Nilihesabu dakika kumi na mbili tangu nilipoanza.

Dakika hizo zimeibadilisha riwaya. Kijana aliyefanya kazi hiyo alikuwa ameamua, na alikuwa na njaa ya muda mrefu, kwa kuwa mtu aliyeshiba nyama hahangaikii mfupa. Tena hakuweza kufanya hivyo bila kuonekana na aliyekaa ubavuni pake. Mkulima na mkewe walikuwa wamemwelekea mgeni kwa heshima na hofu. Aliyekaa ubavuni pa Thjalfi, kwa vyovyote vile, ni dada yake. Nimeandika upya tukio hilo usiku wa jana. Thjalfi anaukinga mfupa kwa mwili wake, Röskva anakohoa kwa nguvu wakati mfupa unapolia, na kaka anampa nusu ya uboho kwenye ncha ya kisu. Anaula.

Nimeibandua karatasi ukutani. Sentensi ya pili si kweli tena katika kitabu changu, na msichana ninayemwandikia amekuwa mzito zaidi: anakwenda utumwani akijua ladha ya kosa.

17 Februari

Majina. Waiceland wana herufi Þ na ð, ambazo mataifa mengi yanapoyaandika majina haya huziacha, ndiyo maana dunia inaandika Odin wakati wenyewe wanaandika Óðinn. Kiswahili kina sauti hizo zote mbili, ile ya *thelathini* na ile ya *dhahabu*, na watoto wetu wanafundishwa kuzitofautisha shuleni. Kwa hiyo katika mswada nitaandika Odhini, Thori, Thialfi na Roskva, na msomaji wa Tanga au Mombasa atayatamka majina hayo karibu zaidi na wenyewe kuliko wasomaji wengi wa Ulaya. Katika shajara hii nitaendelea na tahajia zilizozoeleka ili nisijichanganye.

6 Machi

Nimefuta kurasa kumi na nane za theluji. Nilikuwa nimeijaza safari ya kuelekea Jötunheimr, nchi ya wapinzani wa miungu, kwa barafu na upepo unaokata uso, kwa sababu tu ndivyo tunavyoiwazia nchi ya kaskazini sisi tuliokulia kwenye joto. Niliporudi kwa Snorri kwa makini nilikuta wasafiri wanavuka bahari yenye kina, wanatembea kutwa katika msitu mkubwa, na usiku wanalala ndani ya jengo la ajabu lenye mlango upande mmoja, mpana sawa na jengo lenyewe. Asubuhi wanagundua kwamba jengo lile ni glavu ya Skrýmir, mtu mkubwa kupita kiasi, na kijumba cha pembeni walikojificha kilikuwa kidole gumba cha glavu hiyo. Usiku unaofuata Skrýmir analala chini ya mwaloni, Thor anampiga nyundo kichwani, naye anaamka na kuuliza kama jani limemwangukia. Pigo la pili, anauliza kama ni tunda la mwaloni. Pigo la tatu, anadhani ndege wamekaa juu ya mti na kudondosha takataka.

Mti wenye majani na matunda yanayoanguka hauko katikati ya majira ya baridi. Ni majira ya majani kupukutika, pengine Septemba au Oktoba. Nimeihamishia safari nzima huko, na faida imekuwa kubwa kuliko nilivyodhani: giza linaongezeka kidogo kila siku, na Röskva, ambaye hajawahi kutoka shambani kwao, anapima umbali wa nyumbani kwa jinsi jioni inavyowahi.

Jambo jingine kutoka ukurasa huohuo. Skrýmir aliufunga mfuko wa chakula, Thor akashindwa kuufungua hata fundo moja, na wote wakalala bila kula. Snorri anaeleza hasira ya Thor. Mimi naeleza matumbo ya watoto wawili waliouzwa kwa ajili ya kula, ambao sasa wamelala na njaa pembeni ya mfuko uliojaa chakula.

28 Machi

Nimehangaika na neno moja kwa siku nne. Wapinzani wa miungu wanaitwa *jötnar*, na tafsiri ya kwanza inayokuja ulimini ni *majitu* au *mazimwi*. Zimwi kwetu ni mla watu wa ngano za usiku. Lakini jötnar hawako hivyo. Bestla, mama yake Odin, ni wa ukoo huo. Skaði, aliyeolewa na mungu Njörðr, na Gerðr, aliyependwa na mungu Freyr hadi akashindwa kula na kulala, ni wa ukoo huo. Baba yake Loki pia. Miungu inapigana na watu waliowaoa na waliowazaa, na nikiwaita mazimwi nitakuwa nimekwisha kuhukumu kesi kabla msomaji hajaisikia. Hata *jitu* lina dharau ndani yake, kwa sababu ukimwondoa mtu katika ngeli yake na kusema jitu *limekuja*, umemshusha.

Nimeamua kuwaita Wajotuni, na mmoja wao Mjotuni, katika ngeli ya watu. Mtumishi wa Thor atawaita majitu katika sura za mwanzo kwa kuwa ndivyo bwana wake anavyowaita. Katika sura ya kumi na moja, mwanamke wa Kijotuni anampa Röskva maji na kumuuliza jina lake, na tangu ukurasa huo msimulizi anabadili neno bila kueleza kwa nini. Natumaini msomaji makini atalitambua.

9 Mei

Mwezi mzima umekwenda kwenye mashairi. Riwaya hii haiwezi kukosa mashairi, kwa kuwa karibu kila tunachokijua kuhusu miungu hii kimepita katika mashairi. Nilianza kwa kutumia bahari yetu ya utenzi, mizani nane na kina cha mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyo damuni mwangu. Beti zilisomeka vizuri mno, na hapo ndipo palipokuwa na kasoro: msomaji alikuwa anasikia Lamu badala ya kaskazini.

Ushairi wa Kinorse hauna kina cha mwisho katika bahari yake ya kawaida. Mstari una vipande viwili, kila kipande kina silabi mbili zenye mkazo, na kinachoviunganisha vipande hivyo ni sauti ya mwanzo ya silabi zenye mkazo: moja au mbili katika kipande cha kwanza, na moja katika kipande cha pili. Nilipojaribu kufanya hivyo kwa Kiswahili niligundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yote niliyoandika. Lugha yetu inatoa urari wa sauti za mwanzo bure. *Vikombe vyote vizuri vimevunjika*: sauti ya *v* imejirudia mara nne bila mshairi kutoka jasho, kwa sababu ni sarufi iliyoifanya kazi hiyo. Kitu kinachokuja bure hakiwezi kubeba uzito wa ushairi.

Ufumbuzi ulitokana na mkazo wetu. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo mara nyingi ni ya mzizi, kwa hiyo sauti inayojirudia lazima ikae hapo, ndani ya neno, mahali ambapo sarufi haifiki. Mstari wa kwanza uliokubali ni huu, anaouimba Röskva usiku wa glavu:

*Umefifia moto, mafundo yafumuka.*

Sauti ni *f*: u-me-fi-fi-a katika kipande cha kwanza, ma-fu-ndo katika cha pili. Nimeusoma kwa sauti chumbani hadi majirani wakaacha mazungumzo yao. Hauna kina, lakini unashikana. Baada ya huo mistari ishirini na minne imekuja katika wiki tatu, na kila mmoja umenichosha kama kubeba gunia.

Mafundo yale yametoka kwenye kazi za mikono. Wanawake wa enzi hizo walisokota sufu siku zote, na vitambaa vya sufu vilikuwa na thamani kiasi kwamba Iceland ilivitumia kama fedha. Röskva ametoka nyumbani na kijiti chake cha kusokotea chenye kijiwe cha uzito, na kila jioni anapiga fundo moja kwenye uzi ili asisahau siku ngapi zimepita.

22 Juni

Mpwa wangu, binti ya dada yangu, amekuja kwa likizo ya Juni. Yuko kidato cha pili. Alinikuta nimeshika tama mbele ya sura ya kumi na tatu, akanisalimia, akauliza kama anaweza kusoma, na nikampa sura zote kwa sababu sikuwa na la kupoteza. Alisoma siku mbili akiwa amelala kifudifudi kwenye mkeka. Alichora pia, na katika picha yake Thor alikuwa amevaa kofia yenye pembe. Nilimweleza kwamba pembe hizo zilienea kutokana na mavazi ya opera ya Ujerumani ya mwaka 1876, akazifuta na kumchorea nywele.

Sura ya kumi na tatu ni ya ngome ya Útgarða-Loki, ambaye si yule Loki aliye safarini na Thor. Wasafiri wanafika kwenye lango kubwa, Thor anashindwa kulifungua, wanajipenyeza katikati ya vyuma. Mwenye ngome anawaambia kwamba hapa hakai mgeni asiye na ujuzi au ufundi unaowazidi watu wengi. Loki anajitolea kula, anashindana na Logi, naye Logi anamaliza nyama, mifupa na hata chombo. Thjalfi anajitolea kukimbia, anashindana na Hugi mara tatu, anaachwa mara zote tatu. Thor anapewa pembe ya kunywea asiyoweza kuimaliza, paka asiyeweza kumwinua, na bibi kizee, Elli, anayempigisha goti. Kesho yake, nje ya ngome, mwenyeji anawafichulia kwamba Logi ni moto, Hugi ni wazo, ncha ya pembe ilikuwa baharini, paka ni nyoka anayeizunguka dunia, na Elli ni uzee wenyewe.

"Mjomba," aliniuliza akiwa bado ameshika karatasi, "si wamesema kila mgeni lazima aonyeshe anachokijua?"

"Ndivyo walivyosema, mwanangu."

"Sasa mbona Röskva hawakumuuliza?"

Nilifungua kitabu, nikapitia ukurasa ule mstari kwa mstari. Wamo wanne. Watatu wanaulizwa. Nimekaa na masimulizi haya miaka mingi na sikuwahi kuwahesabu.

11 Julai

Sasa najua kitabu kinaelekea wapi: kwenye shindano la Röskva, ambalo halikuandikwa. Swali ni kwamba anashindana na nani. Wapinzani wote wa ngome ile ni mambo yasiyoshindika yaliyovaa sura ya watu au wanyama, kwa hiyo hata wake lazima awe hivyo.

Nilimfikiria kwanza Njaa, kwa kuwa kisa kilianza kwa njaa, na katika visasili hivi Hel, mtawala wa wafu, ana sahani inayoitwa Njaa na kisu kinachoitwa Ukosefu wa Chakula. Lakini shindano la Loki lilikwisha kuwa la kula. Nilimfikiria Kimya, nikaandika kurasa sita, na zilikuwa zimekufa. Watu wawili wanaoshindana kunyamaza hawana kitendo. Nilimfikiria Usingizi. Mpwa wangu, ambaye likizo yake ilikwisha tarehe nne, amenituma niendelee kumtumia ujumbe kwa simu ya mama yake kila ninapopata jina jipya, na mpaka sasa yote ameyakataa.

2 Agosti

Nimempata. Alikuwa katika Hávamál, shairi la mawaidha ya Odin, katika ubeti ambao nimeusoma mara nyingi nikiuona kuwa onyo dhidi ya ulevi. Unamtaja korongo wa usahaulifu anayetanda juu ya karamu za pombe na kuziiba akili za watu. Ngome ya Útgarða-Loki ni ukumbi wa karamu. Korongo huyo lazima alikuwa juu ya boriti muda wote huo.

Nilitetemeka kwa furaha, na sioni haya kuandika hivyo. Shindano lake ni la kukumbuka, na kila anayeshindana katika ngome ile hushindwa, na mtu anayeshindwa na Usahaulifu matokeo yake ni kwamba shindano lake husahaulika. Hiyo ndiyo sababu Snorri hakuliandika. Hiyo ndiyo sababu simulizi inamwacha njiani. Pengo nililolilalamikia tangu Januari limegeuka kuwa tukio la kitabu.

Na korongo huyo amefanya kazi kubwa nje ya ngome pia. Mashairi mengi ya miungu tunayo kwa sababu ya kitabu kidogo cha ngozi kilichoandikwa Iceland kuelekea mwisho wa karne ya 13, ambacho askofu Brynjólfur Sveinsson alikipata mwaka 1643, kikapelekwa kwa mfalme wa Denmark, na kikarudi Reykjavík kwa meli tarehe 21 Aprili 1971. Kimebaki na karatasi 45. Karatasi nane za katikati zimepotea, na hakuna anayeweza kutuambia neno kwa neno mashairi yaliyokuwa humo yalisemaje.

30 Agosti

Sura ya shindano imeandikwa mara saba. Muundo uliobaki una raundi tatu, kama mbio za Thjalfi. Röskva anaushika uzi wake wenye mafundo, kila fundo likiwa ni jambo la nyumbani, na korongo anashuka na kusimama kwa mguu mmoja juu ya mdomo wa pipa la pombe. Raundi ya kwanza anaitaja njia ya kutoka mlangoni hadi kisimani, jiwe kwa jiwe. Ndege anakunjua bawa moja, na mafundo ya upande wa kushoto yanafumuka. Raundi ya pili anaikumbuka sauti ya mama yake akimwita mbuzi, na hiyo nayo inamtoka. Anabaki anaona mdomo unaocheza bila sauti. Raundi ya tatu limebaki fundo moja, nalo ni jina lake.

Hapa nilikwama siku tisa. Akilipoteza jina hatuna kitabu, na akishinda nimevunja sheria ya ngome. Kilichoniokoa ni lile fungu la Eilífr Goðrúnarson. Thjalfi yuko pembeni, amejikunja kwa kuhema baada ya kushindwa mbio zake, hajui kinachoendelea, na anapoinua kichwa na kumwona dada yake ameduwaa anapaza sauti kumwita. Ndege analichukua jina kutoka kwa msichana, lakini limekwisha kuwa kinywani mwa kaka yake, na huko bawa halifiki. Anashindwa kama wenzake wote. Jina linabaki kwa njia ya Thjalfi, ndiyo maana mshairi wa mwaka 1000 analipata hapo, limeshikana na kaka.

19 Septemba

Mchapishaji mmoja niliyempelekea sura tatu amejibu kwamba vijana wetu wana visasili vyao na hawana haja ya vya kaskazini. Limeniuma, kwa sababu navipenda vya kwetu kwa moyo wote. Nililelewa na habari za Fumo Liongo, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma alikuwa mwanawe. Mpwa wangu aliposoma kwamba Baldr hakudhurika na kitu chochote duniani ila kijiti cha mmea mmoja, na kwamba aliyemrushia alikuwa ndugu yake, alisema papo hapo, "Huyu ni Liongo wao." Alimwelewa Baldr kwa dakika moja kwa sababu Liongo alikwisha kumfungulia mlango. Nimempelekea mswada mchapishaji mwingine na kueleza jambo hilo katika barua.

27 Oktoba

Mswada umekamilika: sura 22, maneno 64,000. Mwisho wake haukuwa niliokuwa nimeupanga. Nilikuwa nimeandika hitimisho la baada ya Ragnarök, dunia ikiibuka tena kutoka baharini ikiwa ya kijani, na miungu waliosalia wakiokota majanini vipande vya dhahabu vya mchezo wao wa bao wa zamani. Ni picha nzuri sana katika shairi la Völuspá, lakini si ya Röskva, na nimeiondoa.

Badala yake nimefuata jambo dogo ambalo Snorri analitaja na kulipita. Thor alipokwenda na watoto aliwaacha mbuzi wake kwa mkulima. Kwa hiyo siku moja lazima awarudie, na watumishi wake lazima waje naye. Katika sura ya mwisho Röskva anafika kwenye bonde la kwao na halitambui. Njia ya jiwe kwa jiwe alikwisha kunyang'anywa. Thjalfi ametangulia mbali kwa mbio zake, jioni imewahi, naye amesimama kwenye njia panda. Kisha mbuzi anatokea kichakani, anamnusa mkono ulioshika kijiti cha kusokotea, anageuka na kuanza kushuka bondeni akichechemea, na msichana anamfuata.

Kesho narekebisha sura ya tatu, ambamo niliandika kwa makosa kwamba mguu ulioumia ni wa mbele.